Mgonjwa Huyu ni wa Nani?

Mhudumu wa afya akishaandika barua ya rufaa, je, wajibu wake umekwisha? Swali hili linaonekana la kiofisi, lakini mimi naliona la kimaadili.

Nakivale, wilayani Isingiro, ni makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wapo pia Wakongomani, Warundi na Wasomali. Tumchukue mama wa mfano tu, Mkongomani, mwenye mtoto wa miaka miwili. Mwanga ukimpiga mtoto, mboni ya jicho moja inang'aa nyeupe. Huenda ni saratani ya retina. Ikiwahiwa hutibika, ikicheleweshwa huua. Huko Ruharo, mjini Mbarara, hospitali ya misheni ina kituo cha macho kinachoitibu. Kwa hiyo daktari yupo, dawa ipo, barua ipo. Bado mtoto anaweza kufa.

Mama huyo ana mimba. Ana watoto wengine watatu wa kumwachia jirani, siku ya posho imegongana na siku ya daktari, na Mbarara watu husema Kinyankole, naye anajua Kiswahili na Kibembe. Mkunga anapima tumbo, mtu wa lishe anapima mkono wa mtoto, wa macho anatazama jicho. Kila mmoja ametimiza kazi yake na hakuna wa kulaumiwa. Hapo ndipo ninapokwama. Mkono mmoja haulei mwana, sawa, lakini mikono mingi isiyojuana je? Anayeiunganisha ni mama, mwenye nguvu kidogo kuliko wote. Mimi nashika kwamba anayeijua njia ndiye mwenye wajibu wa kuongoza safari.

Mwenzangu darasani alinipinga: mkimwekea mama msimamizi, mtamnyang'anya mwanawe, mkimbizi amechoka kusimamiwa. Hoja hiyo ina uzito. Niliwahi kumtafsiria shangazi yangu katika zahanati moja, na muda wote muuguzi aliniangalia mimi, si yeye. Basi nisiseme msimamizi. Niseme mtu mmoja anayejulikana kwa jina, anayempigia mama simu kabla ya safari: nauli ipo? Watoto umewaacha na nani? Na mama akijibu kwamba wiki hii hawezi, mtu huyo atafute siku nyingine, asiandike kwenye faili kwamba mama amekataa matibabu.