Mche na neno lake

Karibu na mlango wa nyumba yangu, hapa Katanga, nimepanda mimea mitatu: mchaichai, ambao wengine wauita sitroneli, lumbalumba, ambayo harufu yake yajulikana na kila mama, na tangawizi chini ya kivuli cha mwembe. Si bustani kubwa: hatua sita kwa hatua nne, kisha yaanza njia ya kuku. Lakini bustani hiyo imenifundisha jambo ambalo sikulishika vema seminarini, tena imenifundisha kwa aibu. Ndilo nataka kuwaeleza leo.

Tazameni kwanza mchaichai. Kwetu haupandwi kwa mbegu. Mwenye kuutaka huenda kwa jirani, na jirani hung'oa mashina mawili pembeni ya kichaka pamoja na mizizi yake, hupunguza majani, humpa. Naye huyapanda mvua zinapoanza. Baada ya miezi michache akata majani ya chai yake, na baadaye aweza kumgawia mtu mwingine. Tangawizi vilevile: mtu hupewa kipande chenye jicho, hukifukia, hungoja miezi 8 hata 10. Basi, karibu kila mchaichai uuonao mlangoni umetoka katika mkono wa mtu fulani, nao ulitoka katika mkono wa mwingine. Ni mmea wa kupewa.

Lakini mkono hautoi mche peke yake. Hutoa na neno. "Huu wafaa tumbo." "Huu waleta usingizi." "Huu wafukuza homa." Mche huenda na neno lake, na hapo ndipo lazuka swali langu: Je, mtu aweza, kwa upendo, kusema juu ya kinywaji chake zaidi ya yale anayoyajua?

Mwaka mmoja, wakati wa mvua, mama mmoja jirani alinijia jioni.

"Mwalimu," akasema, "mtoto ana moto tangu asubuhi. Nipe majani kidogo."

Nikamkatia mchaichai, nikaongeza tangawizi, nikamwambia: "Mama, mnyweshe, umfunike vizuri. Kesho atakuwa mzima."

Akashukuru, akaenda na moyo mtulivu. Alfajiri mtoto akashikwa na degedege. Baba yake akampeleka dispansari kwa baiskeli katika matope. Wakapima damu, wakaona malaria, wakawatuma hospitali upesi. Alilala huko siku nyingi, akapona. Nilipokwenda kumtazama, mama hakunigombeza. Alisema tu: "Mwalimu, ulituambia kesho atakuwa mzima. Ndiyo maana tulilala."

Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi. Jumamosi ile ile nilikuwa nimewafundisha watoto amri ya nane.

Yafaa tutofautishe. Kosa langu halikuwa kikombe. Maji yaliyochemshwa yenye mchaichai hayakumdhuru mtoto. Kosa lilikuwa neno. Nilisema "atapona" kama mtu aliyejua, kumbe sikujua. Na neno hilo ndilo lililofunga mlango usiku ule, wakati njia ya dispansari ilikuwa ingali wazi.

Wengine watanijibu: "Lile lilikuwa neno la faraja, si uwongo. Mgonjwa ahitaji matumaini." Ni kweli, ahitaji matumaini. Lakini kumfariji mtu ni kukaa naye katika hofu yake, si kumwondolea hofu iliyokuwa na sababu. Hofu ya mama yule ilikuwa nzuri. Ilikuwa imemwamsha. Mimi niliilaza.

Wengine watasema: "Wazee wetu walitibu kwa majani, na hata dawa za Wazungu zatoka mitini." Hilo nalo ni kweli. Kinini, neno ambalo huku kwetu twaitia kidonge cho chote, latoka katika jina la dawa ya malaria iliyopatikana katika ganda la mti wa sinkona. Pelletier na Caventou wa Ufaransa waliitenga dawa hiyo mwaka 1820, na mti huo umelimwa Kivu miaka mingi. Tena mwaka 2015 Tu Youyou wa China alipata tuzo ya Nobel kwa dawa ya artemisinini, itokayo katika mmea wa artemisia. Basi majani yana nguvu, nani akataye?

Lakini angalieni watu hao walifanya nini. Walipima. Kidonge chajulikana kina dawa kiasi gani, kikombe hakijulikani. Jani la udongo huu si sawa na jani la udongo ule, na mkono wa mama mmoja wajaza zaidi ya mkono wa mwingine. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza kwamba halikubali chai ya artemisia itumiwe kuzuia wala kutibu malaria. Na malaria kali haingoji: yaweza kumwua mtoto katika saa 24 asipotibiwa. Mchaichai wangu haukuwa hata artemisia.

Je, tung'oe basi bustani zetu? Hapana. Hilo lingekuwa kosa la pili. Wako vijana wanaoona haya kumpa mgeni chai ya majani, wakimaliza franka zao kwa chupa za soda. Kinywaji cha nyumbani kina wema wake wa kweli, nao watosha: chamkaribisha mgeni, chapasha mwili joto wakati wa baridi, chakusanya watoto kuzunguka moto, hakidai fedha. Hakihitaji kuitwa dawa ili kiwe na heshima.

Mfano mzuri twaupata kwa mama apikaye munkoyo. Apika uji wa mahindi, aungoja upoe kiasi, atia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi yageuza wanga kuwa sukari, na uji uliokuwa mzito wawa mwepesi na mtamu. Siku ya kwanza hata watoto wanywa. Siku zikipita wachachuka, kisha wapata nguvu ya pombe. Sasa msikieni mama mwaminifu akikutilia kikombe: "Huu ni wa leo, baba. Ule ni wa juzi." Maneno machache tu, lakini mnywaji ajua anachopokea, naye achagua mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima kwa jirani. Anayemwambia jirani ukweli amwachia uhuru wake. Anayemdanganya, hata kwa wema, amechagua badala yake.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni tatu. Kwanza: nikitoa mche au kikombe, naeleza nilichokiona mwenyewe, nami nataja kwamba mengine nimeyasikia tu. Pili: penye mtoto mwenye moto, mama mwenye mimba, au mgonjwa anayekunywa tayari dawa za hospitali, neno langu la kwanza ni dispansari, chai yafuata. Tatu: sitaji siku ya kupona. Siku hiyo si yangu.

Tena kumbukeni tofauti hii. Mchaichai ukigawanywa mara kumi, nyumba ya kumi yapata mchaichai uleule. Neno likigawanywa mara kumi hukua: "wapasha joto" lawa "wapunguza homa," na "wapunguza homa" lawa "watibu malaria." Nani atajibu kwa ajili ya mtoto wa nyumba ya kumi? Kila mmoja aliyeliongeza.

Mama yule alirudi mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, kuomba mashina ya kupanda. Nikamng'olea matatu. Nikamwambia: "Mama, huu ni wa kunywa jioni na watoto. Wanukia vizuri, wapasha mwili joto. Homa ikija, enda dispansari kwanza, kisha upite hapa tunywe pamoja."

Akacheka, akasema: "Safari hii nimesikia, Mwalimu."

Juzi nimeuona mchaichai wake mlangoni mwa nyumba nyingine, mbali na kwetu. Nikamwuliza msichana aliyekuwa akiufagilia: "Walikuambia wafaa nini?"

"Wa kunywa jioni," akajibu. "Lakini homa ikija, ni dispansari kwanza."

Ndugu wasomaji, pandeni, chemsheni, gawanyeni bila choyo. Na mnapofunga mizizi katika jani la mgomba kumpa jirani, fungeni pamoja nayo neno ambalo halitawaaibisha likifika nyumba ya kumi.