Kwa Nini Mtoto Ndiye Ahame?

Wazee wenzangu wa Meru, nanyi ndugu zetu wa Embu na Mbeere, nisikilizeni tena. Neno hili nimelisema hata sauti imekauka, na bado naitwa kikaoni, naonyeshwa mbuzi wamefungwa chini ya mti, naambiwa jambo lenyewe ni la ukoo, tulimalize kabla chifu hajasikia. Mtoto aliyenajisiwa hayupo. Mamake yupo, ameinamisha kichwa, na hakuna anayemuuliza kitu. Baba mdogo anayetuhumiwa ameketi mstari wa mbele, koti amevaa, anangoja tupatane bei.

Tukishapatana, nini hufuata? Mtoto anarudi kuteka maji kwenye bomba lile lile analotumia aliyemwumiza. Anaanza kusinzia darasani. Mwalimu anashuku, afisa wa watoto anaitwa, na kwa kuwa mshukiwa anatembea huru kijijini, afisa anaona njia moja tu: mtoto aondoke. Anapakiwa kwenye gari na mfuko wake wa nguo. Anaacha shule, wadogo zake na nyanya yake. Hapo ndipo tunapopiga kelele kwamba serikali inatunyang'anya watoto. Wazee, serikali ilikuta tumeshamtoa sisi.

Haya si ya kusimuliwa kutoka mbali. Mwaka 2012, wasichana waliokuwa wamepewa hifadhi na shirika la Ripples International hapa Meru walikwenda Mahakama Kuu ya mji huu huu. Walinajisiwa, wakaripoti, na polisi hawakuchunguza inavyopasa. Kwa hiyo waliwashtaki polisi wenyewe. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba haki zao za kikatiba zilivunjwa, akaamuru uchunguzi ufanywe upesi, kwa makini na kwa utaalamu. Nchi nzima iliijua kuwa kesi ya wasichana 160. Nikiifikiria, kinachoniuma ni kwamba wenye kosa walikuwa nje, na watoto ndio waliokuwa nyuma ya lango wakilindwa.

Kwa hiyo sikizeni jambo ambalo wengi wetu tunajifanya hatulijui. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikumpa mzee yeyote uwezo wa kufuta kesi ya unajisi. Wala mzazi. Uamuzi wa kuiachilia ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anayepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake anafungwa maisha. Mbuzi mliowala hawakumaliza chochote. Mmenunua tu muda wa mkosaji, na muda huo ndio unaoua ushahidi.

Nanyi akina mama, najua mkono wa kwanza wa huruma ni kumwogesha mtoto. Usimwogeshe. Usifue nguo zake. Ziweke kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuziozesha. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Kisha nenda kituo cha polisi, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3 ya kujazwa na daktari. Kama umekawia, nenda hata hivyo.

Wanangu maafisa wa watoto, najua mko wachache na kata ni pana. Lakini kabla hamjawasha gari, ulizeni: shangazi yuko wapi? Nyanya mzaa mama anaishi wapi? Mpango wa taifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unataka watoto watoke kwenye makao na kulelewa na jamaa na jamii. Umaskini si kosa la kumwondolea mtoto. Mvulana mkimkuta juu ya mti wa miraa kule Igembe, au akichuma muguka Mbeere siku ya shule, kaeni kwanza na mzazi wake.

Sisemi kila nyumba ni salama. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo. Baba mwenyewe akiwa ndiye mwovu, na mama akamficha, na ukoo ukamwunga mkono, basi mtoto atolewe leo usiku, wala mtu asinitajie mila. Lakini hata hapo, uchunguzi usiishie kwenye kumhamisha. Kumhamisha ni hatua ya kwanza ya kazi, na mara nyingi naona inageuzwa kuwa ya mwisho: faili linafungwa, mtoto anakulia ugenini, na mkosaji anaoa tena.

Katiba yetu, kifungu cha 53, inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu. Mbele ya heshima ya ukoo, na mbele ya heshima yangu mimi ninayeitwa kuketi.

Mimi kikao cha namna hiyo sitakikalia tena. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, haitozwi pesa. Ipigeni hiyo kabla hamjaniita mimi.