Sekunde Moja ya Dereva

Mwombe mwenzako aishike rula kwa ncha ya juu, nawe weka vidole viwili penye ncha ya chini bila kuigusa. Aiachie ghafula. Huenda ukaidaka ikiwa imekwisha shuka sentimita 20 hivi. Yaani imekupita sehemu moja ya tano ya sekunde, ingawa ulikuwa ukilingojea jambo hilo tu.

Dereva hangojei jambo moja. Jicho lione mtoto aingia barabarani, akili itambue kuwa ni mtoto wala si kivuli, ndipo mguu uache kukanyaga mafuta ukanyage breki. Hayo huchukua sekunde moja au zaidi. Kwa mlevi, au asinziaye, au asomaye simu, huzidi sana. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mwisho ulioruhusiwa katika miji ya Kenya, hupita karibu mita 14 katika sekunde hiyo, na breki bado hazijaguswa. Zikiguswa, lahitaji kama mita 14 nyingine katika lami kavu. Tena mwendo ukizidi mara mbili, masafa hayo ya breki huzidi mara nne.

Dereva aliyemgonga mtoto husema, "Sikuweza kufanya lolote." Je, asema kweli? Naam, asema kweli. Hapana mwanadamu, hata awe mwema namna gani, awezaye kuuhimiza mguu wake kuliko ulivyoumbwa. Basi twamlaumuje mtu kwa jambo lisilo katika uwezo wake?

Wengi huishia hapo, na nadhani hukosea. Uwezo ule hakunyang'anywa na mtoto. Aliutoa mwenyewe huko nyuma, alipokiona kibao cha shule naye akazidi kukanyaga mafuta. Wakati huo alikuwa na nafasi tele ya kufikiri. Lakini hakujua kuwa anachagua lolote juu ya mtoto, maana mtoto hakuwapo.

Liko jambo linisumbualo zaidi. Dereva mwingine alipita pale pale jana, kwa mwendo ule ule, wala mtoto hakutokea. Alifika kwake, akala, akalala. Wote wawili walitenda tendo moja. Mmoja twamwita mwuaji, na wa pili hatumwiti kitu. Nami nikizikumbuka safari zangu mwenyewe, siwezi kuapa kuwa mimi si huyo wa pili.