Swali la Mtu Asiyejua Jibu

Maswali mengi anayoulizwa mwanafunzi huulizwa na mtu ambaye jibu tayari analo. Mwalimu anayeuliza mji mkuu wa Msumbiji haitafuti Maputo, anamtafuta asiyesoma. Mtungaji wa mtihani wa kidato cha nne anajua anachotaka kuandikiwa kabla swali halijachapwa. Hata lile la mwisho wa kipindi, "Tumeelewana?", lina jibu moja tu linalokubalika, nalo hutolewa na darasa zima kwa sauti moja, pamoja na wale waliokuwa wakisinzia tangu katikati ya somo. Siwalaumu walimu. Darasa likifurika, hiyo ndiyo njia iliyo karibu. Ila mazoea hayo yakidumu miaka kumi na zaidi yanamjenga mtu kwa namna fulani, na namna hiyo huonekana siku tunapomgeukia mwanafunzi huyo huyo na kumwambia: haya, toa maoni yako kuhusu shule, kuhusu nchi.

Jibu hupewa anayejua, maoni hupewa asiyejua. Ukitoa maoni mbele ya mtu ambaye ameshaamua kipi ni sahihi, umejibu mtihani tu, hata kama hakuna karatasi.

Mtu atasema, mbona kuna midahalo? Ipo, na mimi naipenda. Ijumaa mchana meza zinapangwa, majaji wanakaa, mtunza muda anashika saa, na mada inasomwa: elimu ni bora kuliko mali, au maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini. Lakini tazama jinsi pande zinavyopatikana. Mwalimu wa zamu anagawa: ninyi mtaunga mkono, ninyi mtapinga. Kijana anaweza kuutetea mji kwa jasho jekundu ilhali moyo wake uko Mpwapwa. Kuna faida yake, maana anajifunza kwamba hata upande asioupenda una hoja. Wakati huo huo anajifunza kuwa msimamo ni kitu cha kupangiwa, kama zamu ya kufagia. Tena kwa kuwa mdahalo wa sekondari mara nyingi huendeshwa kwa Kiingereza, mwenye la kusema lakini lugha hana hubaki nyuma akipiga makofi.

Wanafunzi wa Dodoma wana bahati ambayo wenzao wa Kigoma au Mtwara hawana kwa urahisi: Bunge liko jirani. Wakati wa vikao shule huleta wanafunzi, wakiwa wamevaa sare zilizopigwa pasi, wakakaa jukwaa la wageni. Kipindi cha maswali na majibu kikimalizika, Spika husoma orodha ya wageni, hutaja shule, huwaomba wasimame, wabunge hugonga meza, wanafunzi huketi. Ushiriki wao umekwisha. Hata hivyo kama mmoja wao alikuwa macho, ameona jambo ambalo darasani halifundishwi. Swali la msingi la mbunge limeandikwa mapema, na jibu la Waziri limeandikwa mapema. Yote mawili husomwa. Kisha mbunge anasimama tena na swali la nyongeza. Hapo Waziri anainua macho kutoka kwenye karatasi. Kwa sekunde chache ukumbi wote haujui kitakachosemwa, na ndizo sekunde pekee ambazo mtu anasikiliza kwa kutaka kujua. Ningekuwa mwalimu, ningewapeleka wanafunzi bungeni kwa ajili ya maswali ya nyongeza peke yake.

Bunge hilo hilo lilipitisha Sheria ya Mtoto mwaka 2009, na kifungu chake cha 11 kinampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Ni kifungu kizuri. Ugumu wake ni kwamba sheria inaweza kumlazimisha mkubwa anyamaze mtoto akiongea, lakini haiwezi kumlazimisha atake kujua.

Chukua suala la viboko. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Mtetezi wa haki za watoto anapofika shuleni na kuuliza wanafunzi wanaonaje, anatarajia waseme viondolewe. Akiinuka msichana wa kidato cha pili na kusema viwepo, ila visizidi na visitolewe kwa hasira, mgeni huandika kwamba watoto wamezoeshwa. Mwalimu wa nidhamu naye akiuliza swali lile lile na kusikia viondolewe, husema watoto wa siku hizi wameharibika. Hawa wawili hawakubaliani kwa lolote, ila kila mmoja ana mwongozo wake wa kusahihishia mfukoni. Msichana amepata sufuri kwa mmoja na alama zote kwa mwingine, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kwa nini alitaja hasira. Mimi naona neno hilo ndilo lililokuwa maoni yake hasa. Mengine alikuwa akiyajibu.

Uwanda huu wa kati una historia ndefu ya watu waliokuja na majibu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta Kongwa matrekta, wataalamu na mamilioni ya pauni ili nyika igeuke mashamba ya karanga. Mvua ikawa ile ile ya Ugogo, inayokuja na kukatika ipendavyo. Udongo wa mfinyanzi ukakauka hadi karanga zenyewe zikawa ngumu kuchimbuka. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Kuhusu mvua na udongo wa Kongwa, mtoto yeyote aliyechunga mbuzi pale angeweza kuwaeleza jambo, lakini ili amweleze mtu ni lazima kwanza mtu huyo awe haijui Kongwa na akubali kwamba haijui. Miaka 20 baada ya Kongwa kuanza, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka kila shule iwe na shamba au mradi wake, na akataka pia wanafunzi washiriki kuamua kazi za shamba hilo na matumizi ya mapato yake. Sehemu ya jembe ilitekelezwa haraka. Ile ya kuamua ikapotelea njiani, na katika shule nyingi shamba likawa mahali pa kupelekwa waliochelewa namba.

Si kwamba hakuna anayepenya. Rebeca Gyumi, mwanasheria aliyekulia hapa Dodoma, amesimulia jinsi alivyoanza kusumbuka akiwa bado mwanafunzi, akiona wasichana wenzake wakiacha shule kwa mimba na ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa imeshalijibu jambo hilo: mvulana miaka 18, msichana miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au hata 14 mahakama ikiruhusu. Wakubwa waliomzunguka walikuwa na majibu mengine pia, ya mila na ya umaskini. Yeye alibaki na swali hadi akawa na elimu ya kulipeleka mahakamani. Julai 2016 Mahakama Kuu ilikubaliana naye kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaiacha hukumu isimame. Watu humsifu kwa ushindi. Mimi hunivutia zaidi miaka ile ya katikati, ambapo binti wa shule alikuwa na wazo ambalo hakuna mtu aliyemwomba, wala hakuna mtihani ambao ungempa alama kwa kuwa nalo.

Ninaye mpwa, yuko kidato cha tatu katika shule ya kata upande wa Mtumba, ambako magari ya wizara humpita asubuhi akitembea kwenda shule. Likizo ya Juni nilimwuliza anayaonaje maisha ya shule na mambo ya nchi yanavyokwenda. Alikaa wima, akasema changamoto ni nyingi lakini anaishukuru serikali kwa elimu bila malipo, na anawaasa vijana wenzake wasome kwa bidii na waepuke makundi mabaya. Nikamwambia, hayo ya taarifa ya habari nimeshayasikia. Akacheka. "Sasa mjomba, kwani unataka nisemeje?"

Hakuwa na ujanja wowote. Alitaka kweli kujua jibu ni lipi. Nikaacha. Baadaye, tukiwa tunakunywa uji, nikamwambia nina kiwanja Nala nataka kupanda miti, na sijui nianzie wapi. Akaniangalia kuona kama namtania. Halafu akaanza. Nisipande sasa, maana Juni ni kujisumbua. Mvua ya huku ni ya msimu mmoja, ikianza Desemba ndipo mche ushike. Mashimo nichimbe mapema na kutia samadi. Nizungushie miiba, mbuzi wa Nala hawana mwenyewe. Mwarobaini unavumilia. Kisha, bila mimi kumchokoza, akaingia kwenye mambo ya nchi. Shuleni kwao, alisema, kila akija mgeni hupandwa miche, picha zinapigwa, mgeni anaondoka, na wanaobeba ndoo za kumwagilia ni wao, maji yenyewe ya kununua. Wakati huo huo, siku za usafi wanaambiwa wafyeke kila kitu uwanjani, wanafyeka na machipukizi ya migunga yanayotoka kwenye visiki vya zamani, miti ambayo mizizi yake iko chini tayari na haihitaji ndoo hata moja. Vijijini watu wanafundishwa Kisiki Hai: unachagua machipukizi machache, unapogoa mengine, unafunga kitambaa ili watu waone mti una mwenyewe. Kwa nini shule isifanye hivyo? Kwa sababu kisiki, alisema, hakina picha nzuri.

Nikamwuliza amewahi kuyasema hayo darasani. Aliandika kwenye insha ya mazingira, akarudishiwa na maneno mawili kwa wino mwekundu: nje ya mada.

"Ila wewe mjomba," akaendelea, "kabla hujanunua miche, hapo kiwanjani visiki viling'olewa au bado vipo?"

Sikujua. Ikabidi nimpigie kijana aliyenisafishia kiwanja mwaka jana. Aliposema ameng'oa vyote isipokuwa vitatu vya karibu na mpaka, mpwa wangu alinyoosha mkono, akaichukua simu, na kuanza kumwuliza ni vya mti gani.