Mkipanda Ngosi, Sitirianeni

Wanangu, habari kwamba mnakuja kula fungate huku kwetu Rungwe, mpande mpaka Ziwa Ngosi, zimenifurahisha sana. Wenzenu wengi huenda Zanzibar wakapumzika ufukweni, na hakuna ubaya. Lakini anayechagua mlima amechagua kazi, na kazi ya watu wawili ina adabu zake. Mimi nimezeeka chini ya milima hii. Nimewaona wageni wakipita wawili wawili kwenda juu, na nimewaona wakirudi. Nina neno moja kubwa la kuwaambia, na madogo kadhaa ya kulisindikiza. Nitaanza na hayo madogo, maana mwenye baridi na njaa hasikii nasaha.

Ngosi si ziwa la kufikia kwa gari. Ni maji yaliyotuama ndani ya shimo la volkano kwenye milima ya Uporoto, urefu wake kama kilomita 2.5 na upana wake kama 1.5. Maji yenyewe yako kwenye mwinuko wa mita 2,060 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukingo wa shimo, pale ulipo juu zaidi, unafika mita 2,620. Hakuna mto unaotoka humo. Kutoka Mbeya mnapita Uyole, mnaishika barabara ya Tukuyu iendayo mpakani na Malawi, mnashuka Isongole. Bodaboda watawapitisha katikati ya mashamba ya viazi hadi msitu unapoanzia. Kuanzia hapo mnategemea miguu yenu.

Njooni kati ya Juni na Oktoba. Rungwe ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi sana Tanzania, na masika yakikolea njia ya Ngosi huwa utelezi mtupu. Ila msidhani kiangazi cha huku ni kama cha Dar es Salaam. Juni na Julai baridi inauma, asubuhi mnaongea huku mvuke unawatoka mdomoni. Bebeni sweta, koti la mvua hata kama anga ni jeupe, maji ya kutosha, na viatu vyenye meno. Kunyweni chai nzito kabla ya kuondoka, chai yenyewe inalimwa hapa hapa, na kuleni ndizi mshibe. Mkichelewa kuondoka, ukungu utawatangulia ukingoni na ziwa hamtaliona.

Chukueni mwongozaji. Msitu ule ni hifadhi, basi lipeni ada inayotakiwa na mpokee stakabadhi. Mwongozaji mwenyewe ni kijana wa pale pale, njia anaijua tangu utotoni; mpeni ujira wake mliokubaliana bila kumpunguzia mkishafika chini. Na mkimkuta mtu mzima shambani, msimpite kimya kama mnapita ukuta. Mwambieni "Mugonile," na akiwapa hata muwa, mseme "Ndaga fijo." Mgeni anayesalimia hapotei kwetu.

Mkifika ukingoni, toshekeni. Njia ya kushukia majini ni kali mno, na wengi wenye akili huishia pale juu, ambako ziwa lote liko wazi mbele yao. Msishuke kwa kushindana, na msiingie kuogelea: maji ni ya baridi na ya kina, kingo zimesimama kama kuta, na hakuna mwokoaji. Msitandike hema kwenye vishimo na mabonde ya chini. Nchi yetu hii ni ya volkano, na katika Rungwe kuna mahali ambapo gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hutulia mahali pa chini, haina rangi wala harufu, na imeua wanyama. Mwongozaji akisema hapa hapalaliwi, msimuulize mara mbili.

Sasa neno lenyewe.

Mlima humvua mtu. Mjini mnaweza kuchumbiana miaka bila kujua kwamba mwenzako anaogopa kimo, kwamba goti lake moja ni bovu, kwamba akichoka anakuwa mkali, au kwamba akishikwa na hofu ananyamaza kabisa. Njia ya Ngosi haihitaji hata nusu siku kuyatoa yote hayo nje. Kipande cha mwisho kabla ya ukingo kinapandwa kwa kushika mizizi. Pumzi inakatika, magoti yanatetemeka, nguo zinachafuka, na yule uliyemwona amependeza ukumbini anasimama mbele yako akihema na jasho linamchuruzika. Utakachokiona hapo kwa mwenzako ni amana. Kisitiri.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Ukishaoa au ukishaolewa, kata ni wewe: umepewa kuingia ndani kabisa, ukajua mwenzako amejaa kiasi gani na amepungukiwa wapi. Hukupewa ili ukatangaze.

Niliwahi kukaa kwenye gogo kando ya njia ile, wakapita kijana na mkewe. Kijana alikuwa mbele, simu juu, anajirekodi. Mguu wa mke ukazama kwenye tope hadi kifundoni, ukatoka bila kiatu. Akachutama kukivuta. Mume aligeuka, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumwelekezea simu akicheka. Mke naye akacheka, kicheko cha juu juu. Akachuma jani pana la mgomba-pori, akakifuta kiatu polepole, upande huu na upande huu, akakivaa bila kuinua uso. Kuanzia hapo hakutembea tena na mumewe. Alitembea na mwongozaji.

Kuna wengine niliowaona mahali karibu na hapo hapo. Mume alikuwa mtu wa mwili, na mteremko wa kushoto ulimtisha. Alisimama, mkono mmoja umekumbatia mti, macho kayafumba. Mkewe alikuwa bado ana nguvu, ungeziona tu katika hatua zake. Lakini alitua begi chini, akatoa chupa ya chai, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mimi hapa nimefika. Tule." Mume akaketi. Wakala mkate wao, wakaongea habari za nyumbani, na baada ya muda mume mwenyewe ndiye aliyesema, "Twende kidogo kidogo." Walifika juu au hawakufika, sikuwafuata kujua. Nilichokijua ni kwamba yule mama aliuchukua udhaifu wa mumewe akauvaa yeye, mbele ya mwongozaji na mbele yangu, na mumewe hakuaibika hata kidogo. Huo ndio usitiri ninaousema.

Kwa hiyo kabla hamjatoka Isongole, kubalianeni mambo matatu, mkiwa bado mmeshiba na mna furaha, kwa sababu juu kule hamtakuwa na subira ya kujadiliana.

La kwanza, mwendo ni wa aliyechoka. Mwenye nguvu akae nyuma, asiongoze. Akiongoza ataongeza hatua bila kukusudia, na kila atakaposimama kusubiri, yule anayemfikia atakuta mwenzake ameshapumzika na yuko tayari kuondoka, wakati yeye ndiyo kwanza anataka kukaa. Mwenye nguvu akiwa nyuma, mchovu haoni mgongo unaomkimbia.

La pili, mwenye amri ya kugeuka ni yule anayetaka kugeuka. Asiombe, asijieleze, asitafute kisingizio cha tumbo. Akisema "turudi," mnarudi. Na mkisharudi, jambo hilo limekwisha. Lisitajwe njiani mkishuka, lisitajwe kwa mashemeji, lisije likatajwa miaka kumi baadaye katikati ya ugomvi wa ada ya shule: "Wewe si ndiye uliyeshindwa Ngosi?" Neno kama hilo huumiza kuliko mlima wenyewe, kwa sababu aliyelisema alikuwepo.

Wala kugeuka si kukosa safari. Kuna Ziwa Kisiba huko Masoko, nalo ni la volkano, na gari linafika. Kuna Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira, jiwe la volkano lililopita juu ya maji, na karibu yake kuna Kijungu, pale mto unapomezwa na mwamba. Mwenye goti bovu atayaona yote hayo bila kulia, na jioni mtakuwa na ya kusimulia.

La tatu ni simu. Picha ya mwenzako akiwa amependeza, rusheni mkipenda, mkishakubaliana. Picha yake akiwa ameteleza, anahema, analia au ameogopa, usiipige. Na ukiwa umeipiga, ifute mbele yake. Grupu la WhatsApp la kamati ya harusi lilichangia sherehe yenu, na tunawashukuru waliochanga, lakini udhaifu wa mkeo au wa mumeo haukuwa sehemu ya mchango. Wewe unaona ni kichekesho cha siku moja. Yeye ataikumbuka kila atakapoingia kwenye nyumba ya mtu aliyeiona.

Lakini nieleweni vizuri, mwanangu wa kike na wewe wa kiume. Kusitiri si kuficha hatari. Mwenzako akibanwa kifua, akipumua kwa shida, akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, mwambie mwongozaji papo hapo na mshuke, hata kama mwenyewe anakukataza. Na mtu anayekupiga, au anayekutukana mlimani na nyumbani, huo si udhaifu wa kusitiriwa. Huo ni uovu, na sisi wazee tupo ili mtuambie. Usitiri ni kwa ajili ya yale ambayo kila mwanadamu anayo: woga, uchovu, mwili usiotii, machozi yaliyokuja bila kuitwa.

Tena kuna faida ya mwendo wa aliyechoka ambayo wenye haraka hawaipati. Misitu yetu haijionyeshi kwa anayepita mbio. Huku Uporoto kuna kinyonga mwenye pembe tatu usoni, rangi yake ni ile ile ya majani anayokaa. Huwezi kumwona ukitembea. Utamwona umeketi, unasubiri pumzi ya mwenzako irudi, jicho limetua kwenye kijiti kimoja, na kijiti kikasogea. Ndivyo ilivyo hata kwa mbega kule juu ya miti. Na jirani hapo, kwenye Mlima Rungwe, yuko kima aitwaye kipunji. Wawindaji wa huku walimjua na kumwita kwa jina hilo tangu zamani, lakini watafiti walimgundua mwaka 2003 tu, wakamtangaza duniani mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikabidi wamtengee jenasi yake peke yake. Haishi nchi nyingine yoyote isipokuwa Tanzania. Mnyama mkubwa namna ile alikaa miaka yote karibu na barabara kuu, akajulikana na waliokuwa na subira ya kukaa msituni.

Ndoa nayo ina mengi ambayo hamtayaona mkiwa na haraka ya kufika. Hutajua mwenzako anaogopa nini mpaka aamini kwamba akikuonyesha, hutamcheka. Akishaamini hivyo mara moja, atakuonyesha na mengine: deni alilokuwa analificha, ugonjwa alioanza kuuhisi, kazi inayomtesa. Asipoamini, mtalala kitanda kimoja miaka arobaini, kila mmoja akiubeba mzigo wake peke yake.

Basi usiku ule mkisharudi Tukuyu, mkishanawa miguu na kula, kila mmoja amuulize mwenzake swali moja: "Leo ni wapi nilikuacha peke yako?" Anayeulizwa aseme kweli. Anayeuliza asijitetee, asikilize mpaka mwisho, kisha aseme, "Nimesikia." Mkiweza kufanya hivyo usiku ule, mtaweza kufanya hivyo hata nyumbani kwenu Ijumaa ya kawaida, mshahara umechelewa na mtoto ana homa.

Mungu awape miguu yenye nguvu na vinywa vyenye stara. Karibuni Rungwe, wanangu.