Mama Yake Yuko Wapi?



Januari hii familia yetu ilikutana Chimala, mkoani Mbeya, kwa ubatizo wa mtoto wa kaka yangu. Kutoka Bariadi ni safari ya kulala njiani, lakini ukoo wetu una watu Usangu tangu zamani. Wasukuma wengi walihamia bonde lile na ng'ombe wao, kabla ya operesheni ya 2006 na 2007 iliyowaondoa wafugaji. Kesho yake kaka akakodi gari: leo tunapanda Kitulo, wazee wakaone ng'ombe wa maziwa.

Kutoka Chimala kwenda Matamba unapanda barabara ya kona inayoitwa Hamsini na Saba, maana ndiyo idadi ya kona zake. Mama alianza rozari kona ya kwanza, na sidhani kama alifumbua macho kabla ya tendo la nne.

Huko juu, zaidi ya mita 2,500, ni majani na maua mpaka macho yachoke, halafu ukungu unakuja unafunika kila kitu, halafu unaondoka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa 2005 hasa kwa ajili ya maua hayo, na watu wanapaita Bustani ya Mungu. Jirani yake kuna shamba la serikali lenye ng'ombe wa Friesian, wale wa madoa meusi na meupe. Simu zote zikatoka mifukoni. Kusema ukweli hata mimi nilipiga picha za status mpaka chaji ikaniishia.

Baba hakupiga picha. Alishika ua kwa mikono miwili akawaangalia mmoja mmoja: kwato, kiwele, mgongo usio na nundu. Alikuwa anawasoma.

Kisha tukafika kwa ndama. Walikuwa peke yao, wakubwa hawapo. Binti wa kaka, ana miaka sita, akamvuta Baba koti.

“Babu, mama yake yuko wapi?”

Ndivyo ufugaji wa kisasa wa maziwa unavyokwenda, karibu dunia nzima. Ndama hutengwa na mama yake mapema baada ya kuzaliwa, hupewa dang'a na baadaye maziwa kwa chupa au ndoo. Hivyo mfugaji anajua amekunywa kiasi gani, magonjwa yanadhibitiwa kirahisi, na mama anazoea kukamuliwa bila mtoto pembeni. Huwezi kumnyooshea mtu kidole ukasema huyu ndiye katili. Wakiachwa pamoja siku nyingi, kuachana kunakuwa kugumu zaidi. Nilimweleza hivyo kwa lugha ya mtoto. Akasikiliza vizuri, akauliza tena: “Sawa baba mdogo, lakini yuko wapi?”

Hapo ndipo digrii ya falsafa ilipaswa kusaidia. Nikamkumbuka Descartes, ambaye mwaka 1637 aliandika kwamba wanyama hawana akili, wanakwenda kama saa inavyokwenda kwa vyuma vyake. Nikamkumbuka Mtakatifu Thoma wa Akwino: kwake mnyama yupo kwa matumizi ya mwanadamu, ila kwa kuwa anaumia, anayejizoeza kumhurumia mnyama huwa mwepesi kumhurumia binadamu. Majibu hayo hayakumfaa mtoto wa miaka sita. Basi bwana, nikageukia kujisifu. Nikamwambia kwamba kwetu Bariadi sisi tuna huruma, kwetu ndama ananyonya kwanza ndipo tunakamua.

Baba akacheka. “Usitusifu bure, Frateri. Ng'ombe wetu wa kienyeji bila ndama hashushi maziwa. Angekuwa anashusha, tungemtoa.” Akanyamaza kidogo. “Na yule wa ada yako, ulidhani aliondoka na ndama wake?”

Nilikuwa nimesahau. Mwaka niliopokelewa kidato cha kwanza seminari ndogo, Baba alipeleka mnadani ng'ombe aliyekuwa ananyonyesha, kwa sababu ndiye angeleta bei. Ndama alibaki bomani. Alilia usiku kucha, na usiku uliofuata. Mimi nilikuwa ndani napanga sanduku, nafurahia shuka jipya. Nikalala.

Tangu siku ile nabishana na nafsi yangu. Katekisimu, namba 2418, inafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo sababu ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Uzito wote uko kwenye hilo neno sababu. Ada ya shule ni sababu. Kikombe cha maziwa kwa mtoto ni sababu. Kijijini kwetu si anasa. Ninaye rafiki aliyeacha nyama na maziwa baada ya kusoma mambo haya, na namheshimu, ila siwezi kumpelekea mama wa Simiyu mwenye mtoto mdogo ushauri huo. Kwa hiyo nasema Baba hakukosea. Kosa lilikuwa langu: nilifikiri kitu kikishakuwa halali, basi hakuna tena deni.

Fungua Samweli wa Kwanza, sura ya 6. Wafilisti wanarudisha Sanduku la Agano. Wanawafunga kwenye gari ng'ombe wawili wanaonyonyesha, ndama wao wanafungiwa nyumbani. Wale ng'ombe wananyoosha njia moja kwa moja hadi Beth-shemeshi, na njia nzima wanalia. Wakifika, watu wanafurahi, wanapasua mbao za gari na kuwatoa ng'ombe sadaka. Ndama hawatajwi tena. Nimeisoma mara nyingi sasa. Mwandishi angeweza kabisa kuliacha lile la kulia, habari isingeharibika. Hakuliacha. Hasemi walikosewa, wala hasemi ilikuwa haki; ametuandikia tu kwamba kazi ya Bwana ilifanyika na kwamba kulikuwa na sauti barabarani. Descartes anakuruhusu usiisikie. Ndiyo maana simkubali.

Tulipoitwa kwenye gari Baba alikuwa amebaki nyuma. Alikuwa ameingiza mkono kati ya mbao na ndama mmoja ananyonya kidole chake, kwa nguvu, mate yanadondoka. Mjukuu akaomba na yeye. Baba akamwonyesha namna ya kukunja vidole vingine ili visiumie. Kaka akapiga honi mara mbili. Mama akamwambia awaache, na akasogea naye kuangalia.