Mtunzi Akihama, Wimbo Ni wa Nani?



Mwaka 1978, jijini Nairobi, wanamuziki kadhaa walijitoa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga. Mmoja wao ni Omar Shabani, mpiga gitaa la rithimu. Wakaanzisha Les Wanyika, na utunzi wake "Sina Makosa" ukapendwa Afrika Mashariki nzima. Je, Simba Wanyika ilikufa? Wapi! Iliendelea kurekodi hadi miaka ya 1990, ikatoa na albamu ya Pepea.

Sasa tuje kwetu Mwanza, kuanzia Nyakahoja mpaka ng'ambo Ukerewe. Mtunzi wa kwaya akihamia parokia nyingine, tunamwita msaliti. Nyimbo zake tunazifungia kabatini, hata kama waamini bado wanaziulizia. Hapo tunamkomoa nani? Yeye hayupo. Anayeumia ni yule bibi wa benchi la nyuma, ambaye wimbo ule ndio ulikuwa sala yake.

Kipaji si mali ya kwaya, wala si mali ya mtunzi. Ni amana ya Mungu kwa ajili ya watu wake. Naye anayeondoka ana deni: aage vizuri, asiache majungu nyuma.

Soma Matendo 15. Paulo na Barnaba walitofautiana vikali juu ya Marko, wakaachana, kila mmoja akaenda kuhubiri upande wake. Lakini mwishoni, akiwa kifungoni, Paulo aliagiza huyohuyo Marko aletwe (2Tim 4:11).

Wewe umemfungia nani mlango? Jumapili hii, imbeni wimbo wake.

Tafakari njema.